Dereva Aliyetapika Sebuleni

Kwa miaka ishirini na saba Matonya aliendesha mabasi kati ya Dodoma na Mbeya, njia ya Iringa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumhurumia abiria aliyetapika. Kwenye kona za Nyang'oro, pale basi linapoanza kukunja kushoto kabla halijamaliza kukunja kulia, hakukosekana mtu wa kupiga kelele: "Dereva, simama nishuke kidogo!" Hakusimama. Konda wake, Obedi, alipita akigawa mifuko ya rambo, enzi zile kabla haijapigwa marufuku, naye Matonya akawa anacheka kwenye kioo. Aliamini kabisa kwamba kichefuchefu ni ugonjwa wa watu wasiojikaza. "Dereva hatapiki," alipenda kusema, na hakuna aliyembishia, maana mwenye usukani habishiwi katikati ya mlima.

Alistaafu goti la kulia lilipoanza kumgomea kwenye breki. Sasa anaishi Nkuhungu, mjini Dodoma, kwenye nyumba aliyoijenga chumba kimoja kimoja, yeye na binti yake Evarista. Huyu Evarista ana miaka ishirini na sita, ni karani kwenye ofisi moja ya serikali kule Mtumba. Mama yake, Loisi, alifariki miaka minne iliyopita kwa ugonjwa wa mapafu. Wakati huo Evarista alikuwa chuoni Mbeya, katikati ya mitihani ya mwisho, na habari alizipata mambo yakiwa yamekwisha. Aliyeamua asiambiwe ni Matonya. Alidhani mama atapona, basi mtoto amalize mitihani kwanza. Mama hakupona, na Evarista aliposhuka kwenye bodaboda getini alikuta turubai la msiba limeshafungwa uani.

Hawakugombana. Ingekuwa heri wangegombana, wakarushiana maneno, majirani wakaja kuamua. Badala yake waliishi kwa adabu. Shikamoo baba. Marahaba. Chakula kiko mezani baba. Ahsante, mwanangu. Miaka minne ikapita hivyo, na Matonya alikuwa akiumia, ila hakujua aanzie wapi, kwa sababu mwenye kosa alikuwa yeye.

Mwaka huu, mwezi wa tano, Evarista alinunua kompyuta ya gemu kwa mfanyakazi mwenzake aliyekuwa akihamia Kigoma, akaiunganisha na televisheni ya sebuleni. Katika gemu zote aliipenda moja, ya kuendesha basi. Vijana wa hapa nchini wameyapaka mabasi ya gemu ile rangi tunazozijua, wakayawekea na honi zile zile zinazotuamsha alfajiri. Unakaa kwenye kiti cha dereva, usukani uko mbele yako, barabara inakujia.

Jumamosi moja mchana Matonya alikuwa anapita sebuleni akielekea kulisha kuku. Akasimama.

"Kona hiyo unaiingia na gia ya ngapi?"

"Ya tano, baba," alijibu Evarista bila kugeuka.

"Utaua watu. Shusha mbili."

Evarista akashusha mbili, basi likaikata kona vizuri, likatulia. Matonya akakaa kwenye kochi pembeni yake, kwa sababu hakuna dereva aliyestaafu anayeweza kumwacha mtu aendeshe vibaya mbele ya macho yake. Na hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea: binti yake akaanza kuongea. Alimsimulia habari za bosi wake anayepoteza mafaili na kulaumu makarani. Akamsimulia habari za rafiki yake Bupe, ambaye uchumba wake umevunjika. Maneno mengi kuliko ya mwaka mzima.

Matonya aliielewa hali ile mara moja. Aliyekaa siti ya mbele, karibu na dereva, wote wawili wakitazama barabara, husema mambo ambayo ana kwa ana yangemshinda. Njia ya Mbeya alikuwa ameungamiwa na watu wengi kuliko mchungaji wao. Akanyamaza, akasubiri, kama alivyozoea kusubiri. Basi likaanza kupanda mlima wenye kona nyingi, na Evarista akasema taratibu:

"Baba, siku zile mama alipokuwa hospitali..."

Moyo wa Matonya ukaruka. Kwa bahati mbaya na tumbo nalo likaruka. Jasho la baridi lilimtoka nyuma ya masikio, mate yakajaa mdomoni, sebule nzima ikaanza kuzunguka. Alijikaza kisabuni kona moja, akajikaza ya pili, ya tatu akainuka.

"Ngoja nikawatazame kuku," alisema.

Alitapika nyuma ya banda, ameshika ukuta kwa mikono miwili. Kuku walikusanyika kutazama. Matonya akawafukuza kwa hasira, maana kwake huo ulikuwa ushahidi, hata kama mashahidi wenyewe ni kuku.

Jumamosi iliyofuata akarudi kochini. Evarista akaongea, akalizunguka jambo lile lile, akalikaribia, na lilipofika mdomoni Matonya akainuka: kuna mtu anampigia simu. Ya tatu: amesahau bomba wazi. Kila aliporudi, uso umeoshwa na mdomo umesukutuliwa, alimkuta binti yake ameshazima kompyuta na yuko jikoni anakata mboga kimya kimya. Alitamani kumwambia ukweli. Lakini mtu aliyewacheka abiria miaka ishirini na saba, atamwambia nani kwamba ametapishwa na basi lisilo na matairi, akiwa amekaa kwenye kochi lake mwenyewe?

Akaenda Majengo kumtafuta Obedi, ambaye siku hizi anauza mtama na alizeti sokoni.

"Mbukwa, dereva!" Obedi alimpokea kwa salamu ya Kigogo, bado anamwita dereva.

"Mbukwa. Sikiliza, nina jirani yangu. Akitazama gemu ya basi anashikwa na kichefuchefu. Wewe ulishughulika sana na watu wa namna hiyo, nimsaidieje?"

Obedi alimtazama kwa muda. "Huyo jirani yako, goti lake la kulia nalo bovu?"

Obedi alicheka mpaka akaangusha kibaba cha kupimia mtama. Alipomaliza kucheka akafuta machozi, akasema kwa upole kwamba dawa ni ile ile ya siku zote. Macho yanasema tunakwenda, matako yanasema tumekaa, sasa tumbo limsikilize nani? Basi atafune tangawizi, asikae na njaa wala asishibe sana, apate hewa. "Na umkumbuke kila abiria niliyemhamisha kutoka nyuma. Akae mbele. Mbele kabisa, aione barabara yote. Hapo hata mwenye mimba alitulia."

"Nitamwambia."

"Na umwambie Evarista. Mficha maradhi kilio humuumbua, dereva."

Matonya alinunua tangawizi, akarudi nyumbani akiwa na matumaini. Ushauri wa Obedi ulikuwa wa mtu aliyehudumia matumbo ya watu robo karne, nani angeutilia shaka? Jumamosi ya nne, kabla Evarista hajawasha, alivuta kiti cha mbao akakiweka mbele kabisa, hatua moja kutoka kwenye televisheni, akakaa wima, tangawizi shavuni. Evarista aliona, akashangaa, hakuuliza.

Lakini mbele ya basi kuna dunia inayokaa palepale: mlima uko mbali, mbuyu umesimama, jicho linapata pa kupumzika. Mbele ya televisheni hakuna dunia. Kuna barabara tu, imejaa jicho zima, inayumba na mwili umetulia tuli. Kona mbili tu, na Matonya akajua ameponzwa na elimu ya barabarani.

Siku hiyo Evarista hakuzunguka. Alilisimamisha basi la kwenye gemu katikati ya kona, akaweka pedi ya kuchezea chini.

"Baba, naomba nikuulize. Kila nikimtaja mama, unatoka. Mara kuku, mara simu, mara bomba. Kama hutaki nimzungumzie niambie tu, nitanyamaza. Mimi si mtoto."

Matonya aligeuka amwambie sivyo, mwanangu, sivyo hata kidogo. Akafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa maneno. Bahati yake mikono ya dereva bado ilikuwa na wepesi: aliivua kofia kichwani, ikawahi.

Evarista aliitazama kofia, akamtazama baba yake.

"Baba... ni gemu?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na wale kuku?"

"Kuku hawakuwa na shida yoyote."

Evarista alijitahidi. Alibana midomo, akageukia ukuta, mabega yakatikisika, halafu akashindwa, akakaa chini sakafuni akicheka kwa sauti huku amelishika tumbo. Matonya alitaka kukasirika, ila hasira haikuja. Kicheko kile hakikuwa kimesikika katika nyumba ile tangu Loisi aondoke, na yeye aliyekaa pale akinuka tangawizi na aibu alijisikia nafuu kuliko alivyojisikia kwa miaka minne.

Wiki nzima Evarista aliuliza ofisini na kusoma kwenye simu, na Jumamosi akapanga sebule upya. Kochi lilirudishwa nyuma mpaka ukutani. Madirisha yakafunguliwa yote, upepo wa Nkuhungu ukaingia na vumbi lake. Kwenye gemu akaondoa ule mtikisiko wa kamera, akaiweka ikae nje ya basi, ili waone basi zima kwa nyuma, dogo, na mbingu juu yake. Kalenda ya kanisa akaitundika kando ya televisheni: tumbo likianza, baba atazame kalenda. Dakika kumi na tano, halafu mapumziko na chai ya tangawizi. Na kubwa kuliko yote, akampa pedi.

"Wanasema anayeendesha haumwi kama anayetazama."

"Hilo ningeweza kukuambia mimi," alisema Matonya, ingawa hakuwa amelifikiria hata siku moja. Maisha yake yote hakuwahi kuwa abiria, hakujua tumbo lake ni la namna gani.

Mwanzo vidole gumba vilimpa tabu, akapanda tuta, akagonga kibao cha kituo. Kisha mikono ikazoea. Mkono ukishaijua kona kabla ya jicho, tumbo nalo lilikubali kungoja. Aliendesha kilomita hamsini kwa saa, akipisha kila gari.

"Abiria wako watazeeka humo ndani," Evarista alimtania.

"Watazeeka wakiwa hai."

Jumamosi ya tatu ya utaratibu huo, baada ya chai, Evarista alikuwa amekunja miguu kwenye kochi akitazama basi linavyokwenda. Akauliza bila kuzunguka:

"Mama aliniulizia?"

Matonya aliwasha indiketa, akalitoa basi barabarani, akalisimamisha pembeni, kama inavyotakiwa.

"Alikuulizia. Tangu siku ya tatu, homa ilipopanda, alikuwa akikuulizia wewe tu. Nilimwambia unakuja."

"Lakini hukunipigia."

"Sikukupigia. Nilidhani siku bado ziko. Nilikosea, mwanangu, na kukukosea ndiko kunakonilaza macho. Nisamehe."

Evarista hakusema ndiyo wala hapana. "Ukamwambia ninakujaje?"

"Nilimwambia umepanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, siti ya dirishani. Akawa analala na kuamka, na kila akiamka ananiuliza, amefika wapi? Namwambia, Makambako. Analala tena. Amefika wapi? Mafinga. Iringa nikawachelewesha, nikamwambia mmeshuka kula. Siku mbili nilikuendesha hivyo. Homa ilimsaidia asihesabu saa. Sikuthubutu kukufikisha, maana ningekufikisha ningemwonyesha nani?"

Nje mtu alipita akiuza maziwa kwa kengele ya baiskeli, akaenda zake.

"Alikuwa anasema nini?"

"Alisema ukishuka nisikuulize habari za mitihani. Nikupashie mlenda, utakuwa na njaa."

Evarista alifuta macho kwa kiganja. Sauti yake ilikuwa tulivu.

"Na mwisho ulinifikisha wapi?"

"Mtera. Aliuliza alfajiri, nikamwambia ndio unavuka bwawa. Akasema, basi amefika huyo. Hakuuliza tena."

Njia ile Evarista aliijua, alikuwa ameipita likizo zote za chuo, na alijua kwamba ukishavuka Mtera watu huanza kuteremsha mizigo kwenye keria za juu ya viti na kuwapigia wenyeji wao simu.

"Kwa hiyo yeye alijua niko karibu," alisema.

"Alijua," alijibu Matonya, akalia mbele ya binti yake kwa mara ya kwanza, na Evarista akasogea kwenye kochi akamshika mkono.