Mandazi ya Wakaguzi wa Setilaiti

Alhamisi, katikati ya Machi. Manyunyu tangu alfajiri, yale yasiyokulowesha wala kukuacha mkavu.

Leo wakaguzi wamekuja chuoni kukagua kazi ya binti yangu. Nitaeleza nilivyoelewa, ila mimi niliishia darasa la nane, kwa hivyo huenda nikapinda mahali. Nchi kadhaa za Ulaya zinatengeneza setilaiti moja, kila nchi na kipande chake. Kipande cha hapa tulipohamia ni kisanduku cha kupima joto, ukubwa wake kama mkebe wa maziwa ya unga, na binti yangu amekihangaikia miaka. Lakini hakuna anayejisahihishia kazi yake mwenyewe. Wakaguzi hutoka nchi nyingine, na wakisema kisanduku hakifai, setilaiti itaondoka bila hicho.

Mimi kazi yangu ni chai, katika jengo hilohilo anamofanya kazi yeye. Niliambiwa niipeleke chumba cha mkutano kabla hawajaanza. Sasa kwetu mgeni haanzishiwi mazungumzo ya maana kabla hajatia kitu tumboni, nami biskuti za ofisi niliziona ni aibu. Nilikuwa nimekuja na mandazi ya iliki niliyokaanga nyumbani. Nikayapanga kwenye sinia.

Mkaguzi mmoja, Mfaransa wa ndevu, alikula mawili kabla sijamaliza kumimina. Mkuu wao, mama mmoja kutoka Ufini, alichukua moja, akalinusa, akauliza fundi ni nani.

"Ni mimi," nikasema. "Na yule msichana mtakayemuuliza maswali ni wangu wa kumzaa."

Nilidhani namfurahisha. Akalirudisha andazi kwenye sahani taratibu. "Nisamehe, mama. Hatuwezi kula chako mpaka tuamue."

Mfaransa akaacha kutafuna. "Mimi nimeshakula," akasema. "Mawili."

"Basi wewe leo utasikiliza tu. Hutapiga kura."

Nikatoka na sinia langu. Jikoni mwenzangu, mama wa Kikongo, aliposikia alicheka mpaka akashika sinki. "Dada, weye umehonga Ulaya yote na mandazi."

Mapumziko yalipofika binti yangu akateremka, uso umekunjamana. "Mama, kwani ilikuwa harusi? Yule Mfaransa ndiye pekee aliyekuwa anakipenda kisanduku chetu."

Nikamwambia napanda kuomba radhi.

"Usipande. Watadhani umeleta sambusa."

Nilibaki nikiosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Yule mkuu alikuwa amenikasirisha, sitaficha. Halafu nikajiuliza: kama binti yangu angekuwa wa nchi nyingine, kisanduku chake kikakataliwa, kisha nisikie wakaguzi walikula kwa mama wa mwenzake, ningenyamaza? Nisingenyamaza. Kwa hivyo alifanya haki. Ila angeweza kusema niyafunike mandazi yasipoe.

Alasiri wakamaliza. Kisanduku kimepita, kwa sharti kijaribiwe upya kwenye baridi kali, wakaguzi wakiangalia. Binti yangu anasema sharti hilo ni la haki, hata yeye lilikuwa likimsumbua. Kama Mfaransa angepiga kura labda lingekuwa jepesi zaidi. Labda pia wangepitisha kitu kitakachoganda huko juu. Sijui, na sitajifanya najua.

Mkuu alikuja jikoni mwenyewe, amevaa koti. "Sasa tumeamua," akasema, akitazama sinia.

Lilikuwa tupu. Mwenzangu akajifuta mdomo. "Pole, mama. Siye hatuna kura."

Yule mama akacheka kwa sauti, akachukua biskuti ya ofisi, akaenda zake.

Nyumbani binti yangu alinikataza kugusa sufuria, akasema kwa leo nimepika vya kutosha. Tukala wali na maharagwe aliyopika yeye. Aliponiuliza chakula kikoje nikamwambia ukweli, chumvi imezidi kidogo, na nikaongeza sahani ya pili.