Tuta, Mikoko na Mgeni Wetu

Nilipokuwa kijana, ami yangu alikuwa na ng'ombe wa mchezo. Siku ya mchezo zumari inalia, wanawake wanaimba, vijana wanamchokoza kwa kitambaa, naye amefungwa kamba ndefu. Mwaka mmoja kamba ikakatika. Wanaume wote tukapanda mitini, hata waliokuwa wakijisifu asubuhi. Ng'ombe wala hakumfuata mtu. Aliteremka bondeni, akaingia kwenye mpunga wa watu, akala mpaka akalala. Maneno aliyoambiwa ami yangu siku hiyo siyaandiki, maana wajukuu zangu wanajua kusoma kuliko mie niliyeishia darasa la pili.

Basi bonde lenyewe ndilo hilo. Zamani lilitulisha mtaa mzima. Siku hizi ng'ombe yule angelala na njaa. Tuta la kuzuia bahari limevunjika, bamvua likija, bahari inapojaa kupita kawaida, maji ya chumvi yanaingia, mpunga unaungua. Tukaunda jumuiya, mwenyekiti bibi jirani yangu, mkali wa maneno na hodari wa jikoni. Tukapata mfadhili, taasisi ya mbali, ikamleta kijana mpole, suruali imepigwa pasi.

Akauliza, "Mnaonaje tukipanda mikoko?"

Sote tukajibu, "Naam, tunashukuru."

Chakula kilikuwa kimeshaandaliwa. Nani amkatalie mgeni na mkono wake umo sahanini? Tukaipanda, na ilishika vizuri, sisemi uongo. Lakini maji yalipita pale pale tuta lilipovunjika, na mpunga ukaungua tena.

Mwaka wa pili kijana akarudi, tukamwandalia chakula tena, akatoa habari njema: mikoko mingine. Nikamtazama mwenyekiti. Anamtazama pweza wake kama hakumpika yeye.

"Mwanangu," nikasema, "mikoko tunayo. Tunataka tuta."

Bibi akaninong'oneza, "Mzee, mgeni hajamaliza hata kula."

"Mgeni siku mbili, Bi Mwenyekiti. Huyu ana mwaka."

Kijana akashangaa. "Mbona mlisema naam?"

"Ulikuwa mgeni," bibi akamjibu, akimwongezea mchuzi. "Na wewe uliuliza huku unakula."

Akacheka, kisha akaeleza kuwa fedha za mikoko ni za mikoko. Lazima awaulize wakubwa wake, nao wakutane kwanza.

"Waulize," bibi akasema, na sauti sasa si ya mpishi. "Waambie mikoko ya nje ya tuta tutaitunza. Wao watupe mawe na lango la maji, udongo tutabeba wenyewe. Wakikubali watatukuta kazini. Wakikataa watatukuta kazini."

Kijana akatoa simu, akaandika yote. Hapo wenzangu wakaanza kubishana nani atusemee kwa hao wakubwa, na mmoja akanitaja mimi, kwa kuwa nimeshazoea kukosa adabu. Wakapendekeza kikao, na baada yake kikao kingine.

Bamvua lilikuwa karibu. Nikanawa mkono, nikachukua jembe langu lililoegemea ukutani, nikateremka bondeni kwenye tuta. Vikaoni sikurudi tena.