Nshaharibu

Kaka yangu aliposema, "Mpeleke shamba, hospitali watauliza maswali," nilitakiwa nikatae. Hospitali kubwa ilikuwa karibu na nyumba yetu ya Mji Mkongwe, mwendo wa mtu kutembea polepole huku akiitikia salamu njiani. Matemwe iko mwisho mwengine wa kisiwa. Binti yangu alikuwa anatoka damu. Nami nikapokea ufunguo wa gari mkononi mwa kaka yangu, nikasema sawa.

Mke wangu alikuwa ameshafariki, na binti yetu alikuwa amerudi nyumbani baada ya kuachwa. Tulikaa wawili ghorofani, mimi na kustaafu kwangu, yeye na cherehani yake. Alikuwapo kijana mmoja, fundi umeme katika nyumba mpya za Fumba, ambaye alitaka kumuoa. Walikuwa wanamsubiri mama yake kijana arudi kutoka Pemba ndipo waje kuposa. Kabla hajarudi, mimba ikatangulia. Habari hiyo niliipata kwa mke wa kaka yangu, maana kwetu binti hamwambii baba mambo hayo, na baba haulizi. Nikanyamaza. Binti yangu akajua kwamba nimejua, naye akanyamaza. Tukaendelea kula sahani moja na kuzungumza habari za samaki kuadimika.

Siwezi kusema kwamba sheria sikuijua. Niliijua nusu, na nusu hiyo niliipenda sana. Nimesoma hadi kidato cha nne, na barazani tunapokaa baada ya alasiri mimi ndiye ninayewasomea wenzangu gazeti. Suala la mimba tulishawahi kulijadili. Niliwaeleza kwamba makosa ya jinai hayamo katika mambo ya Muungano: bara wana sheria yao na sisi tunayo yetu, imepitishwa na Baraza letu wenyewe la kutunga sheria, na humo kuharibu mimba ni kosa la kufungwa, kwa mwenye mimba na kwa anayemsaidia, isipokuwa pale uhai wa mama unapookolewa. Nikawakumbusha kuwa kisiwani hapa ilikuwapo hata sheria ya kumfunga mwanamke asiye na mume kwa kushika mimba tu. Mwenzetu mmoja akasema hiyo ilishabadilishwa, hakuna tena jela. Nikamjibu kwamba iliyobadilishwa ni karatasi, watu ni wale wale. Wakacheka. Nilikuwa napenda wakicheka hivyo.

Siku yenyewe nilirudi kutoka kuswali adhuhuri nikakuta jiko limezimwa na mlango wa chumba chake umefungwa. Nikabisha.

"Mwanangu, una nini?"

Nikasikia kilio cha mtu aliyeziba mdomo. "Nshaharibu, Baba. Nisamehe. Nshaharibu."

Kwetu mimba ikitoka yenyewe husemwa imeharibika. Mtu akiitoa, ameiharibu. Ni tofauti ya sauti kidogo mwishoni mwa neno, lakini upande mmoja watu wanakuja kukupa pole na upande wa pili wanakuja kukuchukua. Mimi nilisikia upande wa pili. Baba mwengine angeuliza: umeharibu nini? Mimi niliona haya. Nilisimama pale mlangoni na kidole changu kikifuata nakshi za mbao, na swali sikuliuliza. Badala yake nikampigia simu kaka yangu.

Alikuja haraka kutoka Jang'ombe. Nilimwambia nilichokisikia, kwa kunong'ona, kana kwamba ukuta una cheo serikalini. Akasema jambo hili likifika hospitali limefika kituoni, na jina la familia litatembea mtaa hadi mtaa. Akasema tunaye dada yetu Matemwe, mkulima wa mwani, nyumba yake iko peke yake, binti akae huko mpaka damu ikatike. Yeye hakufuatana nasi. Alisema kuna watu wanamngoja msikitini. Simlaumu kwa mengi; gari niliendesha mimi.

Binti yangu alilala kiti cha nyuma, amejifunika kanga mbili. Hakuniuliza tunakwenda wapi. Nadhani alifikiri hospitali, na tulipopita Bububu ndipo alipojua siyo. Nikawa namwita kila baada ya muda ili nijue yuko.

"Mwanangu."

"Labeka."

Mahonda nilimwita tena. Labeka yake ilichelewa, ikaja nyembamba. Kinyasini nikaita mara mbili na sikusikia kitu. Nikasimamisha gari kando ya barabara, nikageuka. Macho yalikuwa wazi, midomo myeupe. Nikampapasa mkono, ulikuwa baridi kama kitu kilichotoka kisimani. Hapo sheria yote niliyokuwa nikiwasomea wenzangu ilinitoka kichwani. Nikamuuliza mama mmoja muuza ndizi kituo cha afya kiko wapi, akaninyooshea kidole, akaniambia nikimbie.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye haraka. Wakati wanamlaza akaniuliza bila kunitazama, "Mimba hii imeharibika au imeharibiwa?"

Palikuwa na wanawake wawili kwenye benchi wamepakata watoto. Nikajibu mbele yao, "Imeharibiwa. Kaniambia mwenyewe."

Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Labda nilitaka nionekane mkweli, niwe upande wa serikali na siyo upande wa kiti cha nyuma. Muuguzi akainua uso, akaniangalia kama anayemwangalia mtoto aliyevunja kitu. Ndipo binti yangu, ambaye nilidhani hasikii, akasema kutoka kitandani, sauti yenyewe ya chini kabisa:

"Godoro, Baba. Nilisema nimeharibu godoro. La mama."

Lilikuwa godoro la sufi ambalo mke wangu alilishona kwa mikono yake, na hakumruhusu mtu kulilalia na nguo ya nje. Damu ilipomjia ghafla usingizini, mwanangu aliamka akaona doa, akalia kwa ajili ya godoro la mama yake. Hilo ndilo alilokuwa akiniombea msamaha.

"Mzee," muuguzi akasema, "hebu tupishe. Kaa nje. Na usiseme tena."

Walimtilia maji ya mshipani, wakaita gari la wagonjwa, na gari hilo likaturudisha njia ile ile, Mahonda, Bububu, mpaka hospitali ile ile iliyokuwa karibu na mlango wangu. Nilikaa nje ya wodi nikisoma kila dua ninayoijua, na nyengine nilizianza nikazisahau katikati. Jua lilipokaribia kuzama daktari kijana akatoka, akasema wamemsafisha, wamemwongeza damu, na yuko salama. Mimba ilitoka yenyewe, akasema, hutokea sana. Tungechelewa zaidi, angekuwa na maneno mengine ya kuniambia.

Nikamsogelea, nikamuuliza kwa siri, "Na polisi?"

"Polisi wa nini, mzee?" akasema. "Umeibiwa?"

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, machozi yananitoka, yule kijana akiniangalia na kudhani labda na mimi natakiwa nilazwe. Akanieleza kwa upole kwamba damu ni ya kutibiwa kwanza, iwe imetokana na nini, na kwamba wanaokufa hapa wengi wanakufa kwa kuogopa mlango wa hospitali. Nilikwenda nje nikanunua chai ya maziwa na andazi, na mpaka leo sijapata kunywa chai tamu kama ile. Kisiwa kizima kilikuwa kimepoa. Nilirudi wodini, nikamwita polepole pembeni ya kitanda. Akajibu, "Labeka," akalala.

Aliporudi nyumbani tulilifumua godoro. Tulipanda nalo juu ya paa, tukaufua mfuko wake, tukaitandaza sufi juani na kuichambua kwa vidole. Doa halikutoka lote, lakini alisema halimsumbui tena. Tulikuwa tumekaa hivyo, manyoya meupe yametuganda nguoni, nikiona raha kama mtu aliyesamehewa, aliponiuliza bila kuinua kichwa:

"Baba, na kama ningeiharibu kweli? Ungeligeuza gari unipeleke hospitali?"

Nilikuwa na muda wa kujibu. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na lilikuwa ndiyo, na pale Kinyasini, nikiwa bado naamini ameiharibu, mikono yangu ilishalisema. Lakini nilikumbuka baraza, nikamkumbuka kaka yangu, nikakumbuka yote niliyowahi kuyasoma kwa sauti kubwa, nikasema Mungu ameshatunusuru, haya tuyaache.

"Haya," akasema, akachukua fungu jengine la sufi.

Yule fundi umeme alikuja na mama yake, wakaposa, wakaoana. Wanakaa Fumba. Kila Ijumaa wanakuja, binti yangu ananiamkia, ananipikia pweza wa nazi kama alivyokuwa akipika mama yake, tunacheka. Yuko hai. Nikiamka alfajiri jambo la kwanza ninalomshukuru Mungu ni hilo, na mzigo unanishuka kila siku upya.

Barazani siku hizi gazeti anasoma mwengine.

Mwaka jana binti yangu alijifungua mtoto wa kiume. Uchungu ulikuwa mrefu, nikasikia baadaye, na walihofia sana. Mimi nilipigiwa simu mambo yote yameshakwisha, mtoto ameshaadhiniwa sikioni na babu yake wa upande wa pili. Nilikwenda mbio, nikambeba, nikafurahi furaha ya kweli. Nikamuuliza mama yake kwa nini hawakuniita tangu mwanzo. Akatabasamu, akasema hakutaka nihangaike.

Hiyo ndiyo hasara yangu. Nilibakiwa na mwanangu, lakini akiwa hatarini haniiti mimi.