Siku Nilipoliua Shamba Zima kwa Kidole

Aibu yangu naijua mwenyewe wala siifichi, ila siwezi kuianza bila kumtaja mama yangu, ambaye kila tukitoka kijijini kwetu Ulaya kwenda gulioni Kilosa alikuwa hataki kuzunguka na barabara kama wenzake, anakata katikati ya mkonge na kapu lake kichwani, mimi nyuma, na siku moja mwiba ukamchana khanga kuanzia kiunoni mpaka chini asijue, tukafika sokoni watu wote wakamgeukia, hata muuza vitumbua akaviacha vinaungua, na mama akasema tu, "Si nimefika kabla yao?" Nadhani ugonjwa wa haraka niliurithi kwake, maana shule niliishia darasa la nne, nayo haikunipa kitu kingine cha kujivunia.

Basi serikali ilipoanza kuyauza mashamba ya mkonge, la kwetu likapata mwenyewe mpya, naye akaleta Meneja, na Meneja akaleta kompyuta. Sisi makarani wa zamani tukaambiwa atakayeiweza atabaki, asiyeiweza akalime. Mimi nilitaka kubaki (jembe nalijua, na mgongo wangu unalijua zaidi).

Aliyenifundisha ni Asteria, binti wa Kikaguru aliyekuwa mpiga chapa wa Meneja. Akanionyesha Control na S ya kuhifadhi, Control na Z ya kufuta ulichokosea, na ile niliyoipenda kuliko zote: unasimama kwenye kijumba kimoja cha jedwali, unapeleka kipanya kwenye kona yake ya chini, unabonyeza haraka mara mbili, na neno lililomo linamwagika lenyewe mpaka mwisho wa safu.

"Ila hiyo uitumie kwa adabu, mzee," Asteria akaniambia. "Yenyewe haiulizi."

Kazi niliyopewa ilikuwa kuandika orodha ya majina ya wafanyakazi wote na pembeni ya kila jina hali yake, yupo, amestaafu au marehemu, ibandikwe getini kila mtu ajihakikishe kabla ya mikataba mipya. Nikaiandika polepole, neno kwa neno, nikaimaliza salama. Ningenyamaza hapo nisingekuwa na la kusimulia leo. Lakini Meneja akaingia na wageni, Asteria ametumwa stesheni, na Meneja akawaambia wageni, "Huyu mzee mnayemwona anaijua kompyuta." Akanigeukia. "Hebu waonyeshe kidogo."

Nikawaonyesha. Nilisimama kwenye kijumba cha juu kabisa, cha Abdala, ambaye tulimzika wakati wa masika, nikapeleka kipanya konani, nikabonyeza mara mbili. Neno likashuka kama maji ya mtaro. Wageni wakasema aah! Meneja akanipiga bega, na mimi kwa raha ya lile bega nikahifadhi, nikachapa, nikafunga, karatasi ikapelekwa getini bila macho yangu kuigusa.

Kelele zilianza chai haijapoa. Masanja, Mnyamwezi wa kikosi cha kukata mkonge na mtani wangu mimi Msagara wa siku zote, alikuwa ameshatandika mkeka mbele ya ofisi, analia kwa sauti ya kike, maana huku msiba hauendi bila watani, na mtani akikuta msiba wa bure hauachii.

"Jamani, Msagara katuzika shamba zima hata uji hakutupa! Mtani, sanda ziko wapi? Mchele wa matanga uko wapi?"

Wengine wakalala kwenye kokoto wamepangana, mikono kifuani. Meneja (hakuwa mtu wa huku, utani hakuujua) akatoka mbio.

"Nani amekufa?"

"Sisi!"

Nikakimbilia kompyuta, nikabonyeza Control na Z mpaka kidole kikauma. Asteria alikuwa amerudi, kasimama mlangoni na kifurushi chake.

"Mzee, ulishahifadhi ukafunga. Hiyo haifufui tena."

Meneja akanitupia karatasi. "Simama hapo nje, uwaite mmoja mmoja, urekebishe. Na ukishindwa, hiyo kazi nampa mwingine."

Nikasimama kibarazani na kalamu.

"Athumani!"

"Marehemu!"

"Petro!"

"Marehemu, bwana, usinisumbue, nimepumzika!"

Nikaendelea hivyo hivyo, kila jina kicheko, Masanja anaitikia hata yasiyo yake, Meneja amekunja mikono kifuani ananiangalia tu, na kalamu yangu haijaandika kitu. Mpaka nikafika kwenye jina langu mwenyewe. Pembeni yake limeandikwa neno lile lile.

Masanja akaichungulia karatasi begani kwangu. "Haya, mtani, na wewe itika, maiti!"

Waliolala kwenye kokoto wakainua vichwa kunisubiri niitike.

Nikaweka karatasi kwenye benchi, na kalamu juu yake isipeperuke. Nikashuka ngazi, nikapita katikati ya waliolala, mmoja akavuta mguu kunipisha.

"Mzee, koti lako!" Asteria aliita dirishani.

Sikugeuka. Lile geti sijalivuka tena mpaka leo.