Kahawa ya Barafu Niliyowaondolea Wageni wa Posa

Sina uso wa kuhadithia hili, lakini kwa kuwa Mabwerebwere nzima, mtaa wetu hapa Kilosa, wameshalihadithia kwa namna yao, na wengine wameongeza kwamba nilimpiga mzee wa watu kwa glasi (si kweli, glasi haikumgusa), nimeona bora na mimi niandike nilivyoona mwenyewe, niseme pale nilipokosea na niseme pia pale ambapo sikukosea, ingawa hapo pa pili nimepatafuta sana na bado sijapaona.

Mimi naosha vyombo kwenye hoteli moja ya watalii pale Mikumi, nalala kulekule siku za kazi, nikipata mapumziko narudi nyumbani Kilosa kwa Baba na mdogo wangu Neema. Mama alifariki Neema akiwa bado anabebwa mgongoni, kwa hiyo nimemlea mimi, na shule nikaishia la saba, wala simdai kwa hilo, nalisema tu ili ieleweke kwa nini posa yake niliihangaikia kuliko hata yeye mwenyewe. Kijana anaitwa Eliya, fundi seremala pale Mikumi, mpole, kwao ni Vidunda huko mlimani. Wanapendana, na hilo silisemi kwa kukisia, Neema siku hizo alikuwa anaimba hata akifua magunia. Basi ikaja habari kwamba wazee wa Eliya watashuka Jumamosi kuleta neno.

Sasa pale hotelini watalii wana kahawa yao ya barafu. Wanachukua kahawa nzito, maziwa, sukari na mabarafu, wanasaga kwenye blenda mpaka inakuwa kama uji, juu povu limesimama. Kazi yangu ni kuosha glasi tu, lakini siku moja mpishi alinipa iliyobaki nikaonja, na tangu hapo nikawa nawaza kwamba mtu anayejua kutengeneza kitu kile hawezi kuitwa muosha vyombo. Nikanunua blenda iliyotumika, nikaijaribu nyumbani kwa maziwa ya unga na barafu za Mama Salma, jirani yetu mwenye friji, ikatoka vizuri mpaka watoto wa jirani wakalamba kijiko kwa zamu.

Kwa haki kabisa, Baba alinikataza.

"Soda inatosha," alisema. "Soda unamwekea mgeni ikiwa na kifuniko chake, anasema maneno yake kwa raha, maneno yakipokelewa tunafungua tunakunywa."

"Baba, soda kila nyumba ipo."

"Ndiyo uzuri wake."

Mimi nikacheka, nikaona ni mambo ya kizee. Hapo ndipo pa kwanza nilipokosea. Nikirudisha nyuma siku ile nzima naona kwamba kama ningenyamaza pale na kwenda kuchukua kreti ya soda, leo nisingekuwa nazunguka nyuma ya nyumba za watu nikienda dukani.

Wageni walichelewa sana, barabara ilikuwa mbaya, barafu zangu zinalia ndani ya ndoo nimezifunika magunia. Walipofika nikatoka kuwaamkia, nimepiga goti sawasawa, shikamoo Mzee Yona (yeye ndiye mshenga), shikamoo Shangazi Tabitha (dada wa baba yake Eliya, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo), shikamoo na yule mzee wa tatu ambaye jina lake sikulishika kwa sababu hakusema chochote. Wakaitikia marahaba, wakaketi sebuleni na Baba na Baba mdogo Yoeli aliyekuja kutoka Masanze kutusaidia kusema. Neema alikuwa chumbani, amevaa gauni lake jipya, anangoja kuitwa aulizwe kama anawafahamu wageni hawa.

Nikasaga. Soketi yetu inayofanya kazi iko koridoni, pazia tu linatenganisha na sebule, kwa hiyo salamu zao za hali ya mashamba zilikatizwa kidogo, lakini walivumilia. Nikaingia na trei, glasi zimejaa, povu limekaa, nikamwekea kila mtu mbele yake. Walizitazama kwa mshangao na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi.

"Asante, mwanangu," akasema Mzee Yona. "Vikae hapo. Tuseme kwanza lililotuleta, tutakunywa likishapokelewa."

Nikarudi nyuma ya pazia nikiwa na moyo mzito kidogo, lakini nikajipa moyo kwamba neno lenyewe ni fupi, anaomba mtoto, anajibiwa, wanakunywa. Sikumjua Mzee Yona. Alianzia kwenye mvua, akapita kwenye mahindi, akaingia kwenye ukoo wao, babu wa babu alilima wapi, akashuka mlima taratibu na kila kona ya njia akasimama akaieleza, akafika Kidodi akapumzika, akafika Mikumi akasifu wanyama, na mimi nachungulia kwenye upenyo wa pazia naona povu linashuka. Kwanza lilishuka kidogo. Halafu likawa kama povu la maji ya mfereji, chini yake maji ya rangi ya kutu, na chini kabisa tope. Glasi zinatoka jasho, jasho linatambaa kwenye stuli. Mwili mzima ulikuwa unaniuma, maana niliona wazi kwamba watakapokuja kunywa watakunywa maji ya kuoshea sufuria, na watarudi Vidunda kusema hivyo.

Baba mdogo aligeuka akaniona pale kwenye pazia, akanitolea macho. Mimi nikaelewa ananiambia, mbona unaviacha vinaharibika, njoo utoe. Nisimsingizie, leo naamini macho yale yalikuwa yananiambia nitulie.

Mzee Yona ndipo akafika. "Katika kupita kwetu," akasema, "tumeona bustani yenu, na ndani yake kuna ua. Tumekuja kuliomba ua hilo." Baba akakohoa kutengeneza sauti ajibu. Na mimi, nikiona wamenyamaza, nikasema moyoni hii ndiyo nafasi yenyewe. Nikaingia, nikapiga goti, nikasema samahani wazee wangu, nikakusanya glasi zote, moja moja, mbele ya kila mtu, nikaondoka nazo.

Nikamimina zote kwenye jagi, nikatia barafu za mwisho, nikabonyeza. Blenda ile ni kuukuu, inalia kama mashine ya kukoboa, na Baba anasema muda wote ule alikuwa anawaambia wageni wakae, wasubiri, huyu binti hana maana mbaya, wala hapakuwa na mtu aliyemsikia. Nilipofunua pazia na trei yangu, povu limesimama vizuri kuliko mara ya kwanza, viti vitatu vilikuwa vitupu. Shangazi Tabitha alikuwa mlangoni anafunga kitenge.

"Tumeelewa," aliniambia, tena kwa upole. "Kwenye ukoo wetu, mgeni wa posa akiondolewa kinywaji kabla hajakigusa, amekwisha kujibiwa. Hamkutupotezea muda, tunashukuru."

"Hapana, Shangazi, nilikuwa naisaga upya."

"Unasaga nini?"

"Kahawa."

"Kahawa ya baridi?"

"Ya barafu."

Alinitazama kama anayetafuta mahali penye ugonjwa. "Mwanangu, kahawa sisi tunakunywa msibani," akasema, akatoka.

Baba akasema, "Waache." Neno moja tu. Sasa nakuta kwamba lile neno lilikuwa na akili nyingi, maana angetuma mtu baadaye, mkubwa kwa mkubwa, wakaelezana, yakaisha. Lakini mimi nilikuwa nasikia mlango wa chumba cha Neema unafunguka nyuma yangu, na sikuweza kugeuka nimtazame, nikaona kuliko kugeuka bora nikimbie mbele. Nikakimbia. Peku, nimevaa aproni ya kazini, trei mkononi, mpaka kwenye kijiwe cha bodaboda ambako gari lao lilikuwa limeegeshwa, nikapiga magoti kwenye vumbi mbele ya watu wote.

"Wazee wangu, naombeni mnywe," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. "Naombeni mtuchukulie binti yetu."

"Dada, nipe mimi," akasema kijana mmoja wa boda. "Namchukua hata bila kahawa."

"Kwani kuna kasoro gani mpaka mnamtembeza?" akauliza mwenzake, na kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Mzee Yona aliona aibu kwa niaba yangu, hilo sitamsahaulia. Akasema, "Lete, mwanangu, usilie," akachukua glasi, na kwa kuwa alikuwa na kiu ya safari nzima na kitu kile hakukijua, akainywa kwa mkupuo mmoja kama mtu anayekunywa maji ya mtungi. Akanirudishia glasi. Akatabasamu. Halafu tabasamu likamtoka, baridi imempanda kichwani, akashika kichwa kwa mikono miwili, akakaa chini.

Mama muuza mihogo akasimama. "Jamani, mzee wa watu wamempa nini?"

"Wamemwekea kitu."

"Mmwagieni maji."

Wakammwagia. Mimi nikaruka kumdaka, trei ikaniponyoka, glasi zikavunjika karibu na miguu yake (karibu, narudia), kahawa ikamrukia Shangazi Tabitha kuanzia kiunoni mpaka kwenye viatu. Yule mzee wa tatu, asiyesema, akainama akamshika bega mwenzake. "Yona, unatuacha?" akamuuliza.

"Iko utosini," akajibu Mzee Yona, macho amefumba. Watu wakasogea karibu. "Sasa inashuka." Baadaye kidogo akafumbua macho, akaniangalia. "Ni tamu," akasema, "lakini inauma." Wakamwinua, wakapanda gari, wakaondoka.

Nilimkuta Baba ameketi palepale. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alisema, "Umekwenda kumbembelezea mwanangu barabarani. Siku wakirudi na mimi nikataka kusema neno la mahari, nitalisemea wapi?"

Neema alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na gauni lake. Nikamweleza yote, povu, tope, macho ya Baba mdogo, nikamweleza kwamba nilitaka waone kitu kizuri nyumbani kwetu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Walikuja kuniona mimi, dada," akasema.

Nimelifikiria hilo mpaka nimechoka. Ni kweli. Nilikuwa nataka wakirudi kwao waseme, yule dada mkubwa naye ni mtu. Sijui kama kutaka hivyo ni dhambi, lakini siku ile haikuwa yangu.

Eliya alihangaika sana na wazee wake, na Mzee Yona mwenyewe ndiye aliyetutetea, akasema hakuona ubaya bali ugeni. Wamekubali kuja tena, ila waje Masanze kwa Baba mdogo, na Shangazi Tabitha ameomba jambo moja, kwamba dada mkubwa siku hiyo apumzike. Ndivyo alivyosema, apumzike. Baba amekubali. Neema naye amekubali, na mimi nimesema ni haki, kwa sababu ni haki.

Blenda nimempa Mama Salma, afanyie atakalo, na nimejiapiza sitamwekea tena mgeni kitu kisichoweza kumngojea amalize kusema. Siku ya posa nitakuwa Mikumi naosha glasi. Watamwita Neema sebuleni, watamuuliza kama anawafahamu wageni hawa, na mimi niliyemfundisha kutamka maji na mama sitasikia atakavyojibu. Nimemwomba anipigie simu akishamaliza.

Amesema ataona.