Nd na Nd

Nimejifungia chumbani, na njia ya kutoka ni moja tu: ukumbini, walikokaa wageni wa posa yangu.

Nimejiponza mwenyewe. Juzi niliunda kisanduku cha swichi cha simu yangu. Upande mmoja hedifoni, upande wa pili spika za ukumbini, mama asikize kasida zake. Nyaya nilizichomelea mwenyewe, nikajiona fundi!

Kisha nikatia alama. Ndani, yaani masikioni mwangu: "Nd". Nje, na sisi Waamu twasema nde: "Nd".

Haya, chekeni.

Leo wageni wakinywa kahawa, shoga yangu Zuhura akanitumia ujumbe wa sauti. Nikavaa hedifoni, nikasukuma swichi kwenye Nd.

Masikioni kimya.

Ukumbini, Zuhura kwa sauti ya juu: "Shoga, usikubali! Mume gani huyo, hata kikoi hufungwa na mamake!"

Vikombe nikavisikia vikiwekwa chini kimoja kimoja.

Dirisha lina nondo, nishalijaribu. Nipeni shauri upesi, maana huyo mamake yuko mlangoni, anagonga polepole:

"Mwanangu, toka nde. Njoo nikufunze kumfunga kikoi."