Sahani Mbili za Aki

Miaka thelathini na moja dada yangu Clarine hakutia mdomoni chakula cha mama yangu. Kila Jumapili alikuja kwetu Clarendon, Jamaica, na mkate wake mkobani. Baba yetu mmoja, mama mbalimbali.

Chanzo ni Verona, dada yake wa tumbo moja. Baada ya kimbunga mama alipika aki zilizodondoka kabla ya kupasuka, na tunda hilo lina sumu hadi lipasuke lenyewe mtini. Njaa, jamani! Mimi, mtoto wa kiume, nilikula sahani mbili, Verona moja. Jioni akatapika, akazimia, akafa. Mimi buheri wa afya. Mama akasema ni zile aki mbichi. Majirani wakasema, "Chungu kimoja, wa kwake kapona, wa kambo kafa? Thubutu!" Clarine siku hiyo alikuwa kwa shangazi. Aliporudi aliacha kula chakula cha mama.

Ukubwani akapata kazi ya kulisha panya wa maabara Kingston. Daktari Pinnock aliwapa maji ya aki mbichi, kisha akawapima sukari ya damu, maana sumu yake huishusha. Madume watupu.

"Na majike je, Daktari?"

"Wasumbufu. Homoni zao zitanivurugia vipimo."

"Kwani aki huliwa na wanaume peke yao?"

Miaka miwili alimganda kama kupe, hadi daktari akasalimu amri. Madume na majike wakapewa kipimo kilekile kwa uzito wao. Madume sukari ikashuka kidogo, wakaendelea kutafuna. Majike ikaporomoka, wakalegea. Clarine hakuamini macho yake. Akaomba warudie, wakarudia mara tatu. Ikawa vilevile.

"Usikimbilie mbali," daktari akamwonya. "Panya si watu. Hawa hawawezi kukwambia nani alikufa kwa nini."

"Najua, Daktari. Lakini kumbe inawezekana, chungu kimoja."

Jumapili ile alikuja bila mkate. Mama alikuwa jikoni anapakua.

"Bi Zelma, nipakulie na mimi."

Mwiko ukasimama hewani. "Ni aki na samaki wa ng'onda, mwanangu."

"Nimeona."

"Zilipasuka zenyewe, mtini, naapa—"

"Sijakuuliza."

Akaketi, akala yote, huku mama kasimama anafuta macho kwa kanga ya kiunoni. Mimi nikamsogezea maji. Clarine akanyoosha sahani.

"Ongeza, Mama. Mbili, kama huyu mlafi wako."